Kompyuta Haikuchakaa, Programu Ndizo Zilizonenepa



Mtu anayepita katika mitaa ya Buyenzi asubuhi, hapa Bujumbura, hukutana na milango midogo mingi yenye kibao cha namna moja: sekretariati. Ndani mna meza, mashine ya kutoa nakala, na kompyuta moja au mbili. Hapo ndipo mzee aliyeshuka kutoka milimani huja kuandikiwa barua ya kesi ya shamba, mwanafunzi huja na daftari la tasnifu yake lipigwe chapa, na kijana huja kutayarisha maelezo ya kuombea kazi. Ni biashara isiyo na fahari, lakini barua nyingi zinazofika katika ofisi za mji huu zimepitia katika vyumba hivyo.

Katika mojawapo ya vyumba hivyo, mwishoni mwa Oktoba 2025, nilikaa juu ya benchi nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alikuwa kijana mwenye bahasha mkononi, ambaye maombi yake ya kazi yalitakiwa yawe yamefika ofisini kabla ya saa sita mchana. Saa tano ilikuwa imekwisha kupita. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa ameuamuru waraka ufunguke, na kompyuta ilikuwa ikizungusha ile alama yake ya kusubiri bila kuonyesha chochote.

"Vumilia, mwanangu," alisema, "leo imeamka vibaya."

"Mama, watafunga," alijibu kijana.

Dakika zikapita, na waraka ulipofunguka hatimaye ulikuwa ni ukurasa mmoja tu. Kijana aliondoka mbio, na kama aliwahi au hakuwahi sikupata kujua. Lakini mama yule alinieleza kwamba fundi amekwisha itolea mashine yake hukumu: imezeeka, haifai tena, inunuliwe nyingine. Bei ya hiyo nyingine ni mapato yake ya miezi mingi. Mazungumzo yetu ya leo yanauliza kama hukumu hiyo ilikuwa ya haki.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kompyuta haichakai kwa namna ambayo gari huchakaa. Ni kweli kwamba betri yake hudhoofika, feni yake hujaa vumbi, na diski yake yenye sahani inayozunguka huweza kufa siku yoyote. Lakini moyo wake, yaani prosesa, ambayo ndiyo hufanya hesabu zote, haupungukiwi nguvu kwa kuzeeka. Prosesa iliyotengenezwa mwaka 2013 ikapiga mapigo zaidi ya bilioni mbili kwa sekunde, hupiga mapigo hayo hayo hata leo, iwapo haikuzidiwa na joto. Mashine ya mama yule, basi, ilikuwa na nguvu ileile iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani. Kilichobadilika ni mzigo.

Ili kuuelewa mzigo huo, na kwa kuwa Buyenzi ni mtaa wa mafundi, tumtazame fundi cherehani. Fundi huyo ana kabati na ana meza. Kabati limetunza majora yote ya vitambaa, na hata akifunga duka usiku vitu vyake vimo. Meza ni mahali anapotandaza kitambaa anachokikata wakati huo. Katika kompyuta, kabati ni diski, ambayo hutunza nyaraka na programu hata umeme ukikatika. Meza ni kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi wa kompyuta huitaja kwa herufi tatu, RAM, na ambayo hufutika yote mara mashine inapozimwa. Mikono ya fundi ndiyo prosesa. Programu haiwezi kufanya kazi ikiwa kabatini. Sharti kwanza itandazwe mezani.

Sasa, meza ikijaa, fundi hasimamishi kazi. Hukunja kitambaa kimoja akakirudisha kabatini, akatandaza kingine. Akikihitaji tena kile cha kwanza, hukunja cha pili akaenda kukichukua. Siku nzima humwishia njiani kati ya meza na kabati. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo. Kumbukumbu ikijaa, huhamishia sehemu yake katika diski na kuirudisha inapotakiwa. Na kwa kuwa diski yenye sahani inayozunguka ni nzito kuliko kumbukumbu kwa maelfu na maelfu ya mara, mtu anayetazama hudhani mashine imelala. Haikulala. Inakimbia mbio kati ya meza na kabati, na taa yake ndogo ya diski huwaka bila kuzimika kama ushahidi.

Kompyuta ya sekretariati ile ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Mfumo endeshi wenyewe, ambao ni Windows 10, pamoja na wasaidizi wake, huweza kuchukua kiasi cha nusu ya hiyo kabla mtu hajafungua lolote. Juu yake ikawekwa programu ya kukinga virusi, kisha kivinjari cha intaneti chenye kurasa kadhaa zilizo wazi, kisha WhatsApp, kwa sababu siku hizi wateja hutuma barua zao kwa njia hiyo, na mwisho ndipo ikaja programu ya kuandikia. Barua ya kijana yule ilifika mezani ikakuta hapana mahali.

Na barua yenyewe ni kubwa kiasi gani? Ukurasa mmoja una herufi elfu mbili au tatu. Kiswahili na Kirundi, katika maandishi ya kawaida, huandikwa kwa herufi ambazo kompyuta huzitunza kwa baiti moja kila moja. (Kifaransa hugharimu zaidi kidogo kwa sababu ya alama zinazokaa juu ya herufi zake, lakini hilo tusiligombanie.) Kwa hiyo maneno ya barua ile hayakuzidi kilobaiti 3. Gigabaiti 4 zingeweza kuchukua maneno ya barua za namna hiyo zaidi ya milioni moja kwa wakati mmoja. Hata hivyo zilishindwa na moja.

Tuangalie namna tulivyofika hapa. Windows 95, iliyotolewa Agosti 1995, ilitangaziwa kwamba huweza kufanya kazi katika kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 4. Windows XP ya mwaka 2001 ilidai megabaiti 64 kwa uchache. Windows 7 ya mwaka 2009 ilidai gigabaiti 1. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai gigabaiti 4. Yaani katika miaka 26 kiwango cha chini kimeongezeka zaidi ya mara elfu moja. Tena hicho ni kiwango cha kuiwezesha mashine kuamka tu. Mwenye kutaka kufanya kazi kwa raha hushauriwa awe na mara mbili au mara nne ya hicho. Barua ya kuombea kazi, kwa upande wake, ina urefu uleule iliokuwa nao mwaka 1995.

Watu hupenda kutaja hapa kompyuta iliyowaongoza Wamarekani kutua mwezini Julai 1969, ambayo kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa kiasi cha kilobaiti 4 tu. Mfano huo hutajwa mno, na kwa kweli si wa haki kabisa, kwa sababu mashine ile haikuonyesha picha wala haikuzungumza na mashine nyingine milioni. Mfano ulio karibu zaidi na jambo letu ni ule uliotolewa na mtaalamu wa Uswisi, Niklaus Wirth, aliyeitunga lugha ya kompyuta iitwayo Pascal mnamo mwaka 1970, na aliyefariki tarehe 1 Januari 2024. Mwaka 1995 Wirth aliandika makala ya kuzililia programu nyembamba. Alikumbusha kwamba robo karne kabla ya hapo programu nzima ya kuandikia iliweza kuenea katika baiti elfu nane, na kwamba zile za wakati wake zilikuwa zikidai mara mia ya hizo. Shauri lake lilikuwa kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa haraka kuliko vyombo vinavyozidi kuwa vyepesi, na wenzake wakaliita shauri hilo kanuni ya Wirth.

Kanuni hiyo ni kinyume cha nyingine iliyo mashuhuri zaidi, ya Gordon Moore wa Marekani. Moore aliona mwaka 1965, akasahihisha hesabu yake mwaka 1975, kwamba idadi ya vipande vya umeme vinavyoweza kuwekwa katika kidonge kimoja cha kompyuta huongezeka mara mbili kila baada ya miaka miwili. Viwanda vilifuata mwendo huo kwa miongo mingi. Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba barua iliyofunguka kwa sekunde tano mwaka 1995 ingefunguka leo kabla kidole hakijainuka. Haikuwa hivyo, kwa sababu kila nafasi iliyopatikana ilijazwa, na aliyeijaza hakuwa mwenye kompyuta.

Kwa nini ilijazwa? Sababu kubwa ni kwamba watunga programu huwa na mashine mpya, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 au 32, na uzito wa kile wanachokitunga hawausikii. Jambo lingine ni namna ya kutunga. Zamani programu iliandikwa mahsusi kwa mfumo mmoja. Leo kampuni hutaka programu moja iingie katika Windows, katika mashine za Apple na katika Linux, bila kulipa makundi matatu ya watunga programu. Njia rahisi waliyoigundua ni kuiandika programu kama ukurasa wa intaneti, kisha kuifungia ndani ya kivinjari kizima na kumpa mtumiaji vyote pamoja. Chombo kinachotumika zaidi kwa kazi hiyo kinaitwa Electron; kilizaliwa mwaka 2013 katika kampuni ya GitHub, nacho kimebeba ndani yake Chromium, ambacho ndicho kiini cha kivinjari cha Chrome cha Google. Slack na Discord zimejengwa hivyo, na programu nyingine nyingi. Mtu mwenye programu tatu za namna hiyo zilizo wazi ana vivinjari vitatu juu ya meza yake, mbali na kile alichokifungua mwenyewe. Ni kama abiria watatu wanaokwenda Gitega asubuhi moja, na kila mmoja akakodi basi lake peke yake.

WhatsApp, ambayo inatuhusu sisi zaidi kuliko hizo, imepita katika njia zote mbili. Kwa muda mrefu programu yake ya kompyuta ilikuwa ya namna hiyo ya kivinjari kilichofungiwa. Mwaka 2022 wenyewe walitoa nyingine, iliyoandikwa mahsusi kwa Windows, ikawa nyepesi zaidi na watu wakafurahi. Mwishoni mwa mwaka 2025 waliiacha, wakarudia ukurasa wa intaneti uliovikwa nguo za programu, na watumiaji waliopima waliona kwamba inakula kumbukumbu nyingi kuliko ile iliyoondolewa. Mtumaji wa ujumbe hakupata kitu kipya cha kulingana na gharama hiyo. Aliyepata nafuu ni kampuni, ambayo sasa inatunza kazi moja mahali pa mbili.

Hatuna budi, hata hivyo, kusema kweli yote. Si kila unene ni uzembe. Programu za mwaka 1995 zilikuwa nyembamba, lakini nyingi zilivurugika zilipokutana na maandishi ya Kiarabu, Kiamhari au Kichina, ambapo za leo huyaandika yote katika ukurasa mmoja. Kivinjari cha Chrome, kilipotoka mwaka 2008, kilichagua kuupa kila ukurasa uliofunguliwa chumba chake peke yake, ili ukurasa mmoja ukianguka usiiangushe mingine, na ili ukurasa wa mwizi usichungulie ule wa benki. Vyumba hivyo hula kumbukumbu, na mwenye busara hatalalamikia gharama hiyo. Picha zimekuwa safi zaidi, na ulinzi umekuwa mkali zaidi. Hata Wirth hakukana hayo. Tunachokilalamikia ni kile kinachobaki baada ya kuondoa haya yote, nacho ni kikubwa: vipengele ambavyo mtu mmoja katika mia huvitumia, programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi bila kuitwa, matangazo ya biashara, na taarifa za kupeleleza matumizi zinazokusanywa na kupelekwa kwa mtengenezaji.

Thibitisho kwamba unene huo hauna ulazima limetolewa na watengenezaji wenyewe. Mwaka 2023 kampuni ya Microsoft, baada ya malalamiko ya miaka, iliiandika upya programu yake ya mikutano iitwayo Teams, ikatangaza kwamba mpya hutumia hadi nusu tu ya kumbukumbu iliyotumiwa na ile ya zamani, na ni nyepesi mara mbili. Kazi ya programu ile ilibaki ileile. Nusu iliyopunguzwa, basi, ilikuwa ni ya nini miaka yote hiyo?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtunga programu aliyeko Seattle au Dublin hawezi kuusikia mzigo unaobebwa na sekretariati ya Buyenzi, na hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mafundi peke yao. Kompyuta nyingi zinazotumika mjini kwetu zimekuja zikiwa zimekwisha tumika Ulaya, Ghuba au Asia, kupitia bandari ya Dar es Salaam. Kila moja hununuliwa kwa fedha za kigeni, ambazo nchi yetu imekuwa na uhaba nazo kwa miaka mingi, na ambazo kahawa na chai yetu hutoka jasho kuzileta. Programu ikinenepa kwa uvivu wa mtu mmoja, huyo mmoja huokoa wiki chache za kazi, na huku maelfu ya watu wasiojuana huambiwa wanunue mashine.

Umeme nao una hesabu yake. Prosesa inayofanya kazi bila kupumzika hula umeme zaidi na kutoa joto, na kwa mwenye kompyuta ya mkononi yenye betri iliyochoka, umeme ukikatika tofauti ya programu nyepesi na nzito ni tofauti ya kumaliza barua au kuipoteza. Tena kuna gharama ya intaneti. Burundi haina pwani. Mawasiliano yetu hufika kwa waya zilizotoka baharini, Dar es Salaam na Mombasa, zikapita nchi za jirani. Masahihisho ya programu nzito ni mazito vilevile, huweza kufika gigabaiti kadhaa, na mwenye kununua intaneti kwa vifurushi huamka akakuta kifurushi chake kimeliwa usiku na mashine yake mwenyewe.

Na sasa turudi katika tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya usalama ya bure kwa Windows 10, mfumo uliokuwa umetumika tangu Julai 2015. Kwa watu binafsi kampuni iliweka utaratibu wa kujiandikisha ili wapate mwaka mmoja zaidi, wengine kwa kulipa dola 30, wengine bila malipo kwa kukubali masharti fulani. Anayetaka kuhamia Windows 11 hana budi awe na prosesa ya miaka ya karibuni, kwa upande wa Intel kuanzia kizazi cha nane kilichoanza kuuzwa mwaka 2017, pamoja na kidonge maalumu cha ulinzi. Mashine ya mwaka 2013 haikubaliwi, hata ikiongezewa kumbukumbu kiasi gani. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwezi Desemba 2023 kwamba mabadiliko hayo yangeweza kuzifanya kompyuta kiasi cha milioni 240 duniani zitupwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya hukumu ya fundi wa Buyenzi, ingawa yeye mwenyewe hakuieleza hivyo. Hakuwa mwongo, alisoma tangazo lililotokea katika kioo cha kompyuta akalitafsiri kuwa uzee.

Zinakwenda wapi zilizotupwa? Majirani zetu wa Uganda walikwisha lifikiria hilo. Mwaka 2009 serikali yao ilitangaza kuzuia uingizaji wa kompyuta zilizotumika, pamoja na majokofu na televisheni, kwa kuhofia kwamba nchi inageuzwa jalala la vyombo vya umeme. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, kwa maana ndani ya kompyuta mna risasi na sumu nyingine za kuharibu maji. Lakini wauzaji na walimu walilalamika, nao pia walikuwa na haki, kwamba mwenye shule ndogo hawezi kununua mpya. Hoja hizo mbili haziwezi kupatanishwa iwapo umri wa mashine unapangwa na unene wa programu. Zingepatana kama mashine ya miaka kumi na miwili ingeachwa imalize kazi ambayo bado inaiweza.

Kwa miaka mingi watetezi wa programu nzito walikuwa na jibu moja: kumbukumbu ni rahisi, ongeza tu. Jibu hilo nalo limeharibika. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda sana duniani kote, kwa sababu viwanda vichache vinavyoitengeneza, hasa Samsung na SK Hynix za Korea ya Kusini na Micron ya Marekani, viligeuzia uwezo wao katika mahitaji ya majumba makubwa ya kompyuta za akili ya kutengenezwa. Mwezi Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha kabisa kuwauzia wanunuzi wa kawaida kumbukumbu za jina la Crucial, zilizokuwa zimezoeleka madukani. Mwenye kutaka kuongeza meza yake leo anashindana sokoni na matajiri wakubwa kuliko wote duniani.

Lipo lakini la kufanya, na si dogo. Kila kompyuta ya Windows ina ukurasa unaoonyesha ni programu ipi inakula kumbukumbu kiasi gani. Hufunguliwa kwa kubonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Mtu akiusoma ukurasa huo mara moja hugundua wageni asiowaalika, na anaweza kuwazuia wasijiwashe asubuhi. Kuibadili diski yenye sahani kwa ile isiyo na kitu kinachozunguka hupunguza sana adhabu ya meza kujaa, na mara nyingi hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta nyingine. Kisha kuna mifumo huru ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ambayo baadhi yake, kama Lubuntu, imetengenezwa kwa makusudi iwe nyepesi, na haidai malipo.

Wala jambo hilo si geni Afrika Mashariki. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu waliitafsiri programu huru ya ofisi, OpenOffice, kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Walifanya hivyo kwa sababu ya lugha. Lakini walionyesha pia kwamba programu ambayo msimbo wake uko wazi huweza kubadilishwa na watu wa huku kulingana na haja zao, na aliyeweza kubadili maneno yake aweza pia kupunguza uzito wake. Hata huko hakuna milele: toleo la 13 la Debian, mojawapo ya mifumo mikubwa ya Linux, lililotoka Agosti 2025, halina tena kiini wala njia ya kuliweka katika kompyuta za kale za biti 32. Tofauti ni kwamba mashine hizo ni za zamani zaidi, nyingi zina umri wa miaka ishirini, na walioamua walieleza sababu zao hadharani.

Kuna pia wale wanaoagiza programu kwa ajili ya shule, hospitali na ofisi za tarafa. Wao ndio wenye nguvu ambayo mama wa sekretariati hana. Mnunuzi mkubwa anaweza kuandika katika mkataba kwamba programu itajaribiwa mbele yake katika kompyuta iliyo dhaifu kuliko zote atakazozitumia, ikiwa na gigabaiti 4, na ikishindwa hailipiwi. Mtengenezaji akijua hivyo kabla hajaanza, hutunga kwa namna nyingine. Ajabu ni kwamba mtu akinunua lori huuliza kwanza linakula mafuta kiasi gani, hasa katika mji huu ambao umejua foleni za mafuta, lakini akinunua programu huuliza tu inafanya nini.

Nilirudi Buyenzi wiki kadhaa baadaye. Mama yule hakununua kompyuta nyingine, wala hakuhamia Linux. Alijaribu, akaona nyaraka za wateja zilizoandikwa kwa Word zikipinda mistari, na mteja hapendi barua iliyopinda. Alichofanya ni kuwa mashine ile ya zamani aliikata kabisa na intaneti, fundi akaiondolea WhatsApp, kivinjari na kila kilichojiwasha chenyewe, ikabaki na programu ya kuandikia na ya kutoa chapa. Barua za wateja huzipokea sasa katika simu yake, akazihamisha kwa fleshi ambayo huipima virusi kwanza katika kompyuta ya jirani. Ni kazi ya kuzunguka, na fleshi yenyewe ina hatari zake. Nilimwomba afungue waraka mmoja nipate kuhesabu. Ulifunguka kabla sijafika sekunde ya nne, na mteja aliyekuwa nyuma yangu akaniambia nisogee, kwa kuwa yeye ana haraka.